UZI: Kabla hujamwita Ruyi mjinga, kaa naye mpaka sehemu ya mwisho

Mleta uzi

Wadau wa tamthilia za Kichina, habari za jioni. Naomba niseme mapema kwamba uzi huu unafichua miisho, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu amalize kwanza ndipo arudi.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma maoni ya watazamaji wenzangu juu ya Ruyi's Royal Love in the Palace, na karibu kila mara nakutana na shtaka lile lile: Ruyi ni mjinga. Anatukanwa akanyamaza, anasingiziwa akasubiri haki ijilete yenyewe, anatupwa katika Jumba Baridi, wanakofungiwa wake wa mfalme waliokosa kibali, kwa kosa ambalo hakulitenda na bado moyo wake unamtetea mume aliyemtupa huko. Wengi wanakiri kwamba waliiacha njiani wakahamia Story of Yanxi Palace, ambako Wei Yingluo hakubali kulala na deni la mtu. Ukimchokoza asubuhi, jioni umeshalipwa. Nawaelewa, kwa sababu nami niliitazama Yanxi kwanza na niliifurahia. Lakini naamini mnamwonea Ruyi, na nimeona nisikae na jambo hili moyoni.

Kwa wageni wa mambo haya, tamthilia hizi mbili zilitoka mwaka mmoja, 2018, zikipishana kwa takriban mwezi mmoja. Yanxi ilianza Julai ikiwa na sehemu 70, na Ruyi ikafuata Agosti ikiwa na sehemu 87. Zote zinamhusu mfalme mmoja, Qianlong wa nasaba ya Qing, na wake zake wale wale waliopata kuishi kweli katika kasri la Beijing katika karne ya 18. Mke wake wa kwanza, Malkia Fuca, yumo katika zote mbili. Yule aliyemfuata kwenye kiti cha umalkia, wa ukoo wa Nara, naye yumo katika zote mbili. Katika Yanxi mwanamke huyo wa ukoo wa Nara anaanza akiwa mpole na mwenye haya, kisha msiba unaiangukia familia yake, naye anageuka kuwa mtu wa kuogopwa kuliko wote mle ndani. Katika Ruyi, mwanamke huyo huyo ndiye Ruyi mwenyewe. Na Wei, ambaye Yanxi imemfanya shujaa wetu, katika Ruyi ndiye Wei Yanwan, adui mkubwa kupita wote.

Hebu tulitafakari hilo kidogo. Watu tuliowapenda na watu tuliowalaani ni wale wale, ila waandishi wamebadilishana mlango wa kusimama. Anayesimama mlangoni kwa Wei anamwona Nara kuwa nyoka, na anayesimama mlangoni kwa Nara anamwona Wei kuwa nyoka. Kuna zaidi ya hapo. Riwaya ya Ruyi iliandikwa na Liu Lianzi, ambaye ndiye aliyeandika pia riwaya iliyozaa Empresses in the Palace, ile ya mwaka 2011 yenye sehemu 76 ambayo Sun Li aliigiza kama Zhen Huan. Katika mpangilio wake, mama wa mfalme anayemkazia macho Ruyi tangu siku ya kwanza ni Zhen Huan wetu, sasa akiwa mzee, akimwona Ruyi kama tawi la ukoo wa malkia aliyemtesa zamani. Yule tuliyemlilia kwa sehemu 76 ndiye anayewalaza wengine na machozi. Nilipoling'amua hilo niliisimamisha video, nikakaa kimya kwa muda.

Sasa nije kwa Ruyi. Yanxi inasimulia jinsi mtu anavyopanda, na kila ngazi ina ushindi wake, kwa hiyo mtazamaji analipwa kila baada ya sehemu mbili tatu. Ruyi inasimulia jinsi mapenzi yanavyokufa, na mapenzi hayafi kwa kishindo. Jina la Ruyi la usichana ni Qingying, lenye maana ya cheri ya kijani, na mwanamfalme, ambaye baadaye ndiye Qianlong, anaitwa Hongli, jina ambalo kwa Kichina linatamkwa kama "lichi nyekundu". Lichi, kwa wasioijua, ni tunda la jamii moja na shokishoki zetu. Basi msichana yule anatarizi leso ya mkononi, maua ya cheri ya kijani upande mmoja na lichi nyekundu upande mwingine, majina yao mawili yakae pamoja kwenye kitambaa kimoja, na anampa kijana wake. Leso hiyo ndiyo tamthilia nzima. Itazameni kila inapotokea, muangalie iko mikononi mwa nani na ameshikaje.

Watu wanauliza kwa nini hajibu mapigo. Ni kwa sababu anachokitaka hakipatikani kwa kupigana. Wei Yingluo anataka haki ya dada yake, kisha haki ya malkia aliyempenda, na haki inaweza kunyang'anywa kwa nguvu. Ruyi anataka kijana wa ile leso abaki kuwa yule yule baada ya kukalia kiti cha enzi. Kwa hilo hakuna hila inayofaa. Kila anapomkamata mume wake akimshuku, kila anapotambua kwamba kijakazi ameaminiwa ilhali yeye hakuaminiwa, anapungukiwa na kitu ambacho hata akimshinda adui hakitarudi. Anayeziona sehemu za katikati kuwa za kuchosha anasubiri vita, na vita havipo pale. Kuna mtu anayehesabu polepole kilichobaki.

Nakaribisha maoni, hasa ya wasiokubaliana nami.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, nimekusoma kwa heshima na nitakujibu kwa heshima. Mimi ni mmoja wa wale walioiacha Ruyi, tena niliiacha mapema. Nafanya kazi ya kusimama kutwa nzima, wateja wanatusemea maneno ambayo hatuwezi kuyajibu, na nikifika nyumbani saa mbili usiku sina nguvu ya kumtazama mwanamke mwingine akisemewa maneno asiyoyajibu. Wei Yingluo alinipa usingizi mzuri. Sioni kama hilo ni jambo la kulionea aibu.

Pili, nisamehewe kwa kusema haya, lakini Zhou Xun, aliyeigiza Ruyi, ni mwigizaji mkubwa na hakupaswa kupewa sehemu za usichana. Alikuwa amepita miaka arobaini, na tunaambiwa tumwone kama binti anayekwenda kuchaguliwa kuwa mke wa mwanamfalme. Sauti yake nzito inafaa sana kwa malkia aliyechoka, lakini kwa binti wa siku za leso hainikai. Ukikosa kuamini mapenzi ya mwanzo, utayalilia vipi yanapokufa?

Tatu, macho nayo yana haki zao. Yanxi ilitupa rangi zilizopoa, kijivu cha samawati, zambarau iliyofifia, kijani cha majivu, na maua ya kichwani ya Malkia Fuca yaliyotengenezwa kwa nyuzi za hariri badala ya dhahabu na lulu. Nilikuja kujua baadaye kwamba hayo hayakubuniwa. Kumbukumbu za nasaba ya Qing zinamsifu Fuca kwa kujipamba kwa maua ya namna hiyo na kuacha vito, na ufundi wa maua hayo ya hariri ungali hai mjini Nanjing. Tamthilia iliyojali mambo madogo hivyo haiwezi kuitwa ya kisasi tu.

Mleta uzi

Dada yangu, hoja ya usingizi naipokea yote, na sitamwambia mtu aliyesimama kutwa atazame nini usiku. Kuhusu Zhou Xun katika sehemu za mwanzo nakubaliana nawe pia, na kosa ni la waliompangia.

Nitakukumbusha jambo moja tu, nalo liko nje ya tamthilia zote mbili. Katika Empresses in the Palace, ni nani alimchukia Hua Fei, yule suria kipenzi wa mfalme, kuliko sisi? Alimpiga mtu hadi akalemaa kwa sababu ya neno moja. Alimpigisha Zhen Huan magoti juani mpaka mimba ikatoka. Tulimwombea mabaya. Halafu inakuja siku Zhen Huan anamwendea pale alipofungiwa na kumweleza siri ya ule udi, udi aliopewa na mfalme peke yake miongoni mwa wake wote, aliokuwa akiufukiza chumbani kila siku kwa fahari kwa sababu ni alama ya kupendwa. Ndani yake mlitiwa miski, na miski ndiyo iliyomzuia kushika mimba miaka yote hiyo, na mfalme alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza. Tazama uso wa Jiang Xin, aliyemwigiza Hua Fei, katika dakika ile. Hasira haiji kwanza. Kinachokuja kwanza ni kama mtu anayejaribu kukumbuka kila usiku alioufukiza udi ule akitabasamu. Kisha anaukimbilia ukuta kwa kichwa chake.

Tangu siku ile sijawahi kumhukumu mhusika wa tamthilia za namna hii kabla hajafika mwisho wake. Ndiyo maana nikasema kaa na Ruyi.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze kuhusu lugha, maana nimefanya ukalimani kwa wafanyabiashara wa Kichina pale Kariakoo kwa miaka kadhaa na jambo hili linaniumiza kila nikiona watu wanatazama kwa maandishi ya Kiingereza.

Katika kasri lile hakuna anayesema "mimi" kirahisi. Mfalme anajiita "zhen", neno ambalo mtu mwingine hakuruhusiwa kujiita. Mke akizungumza na mfalme anajiita "chenqie", kana kwamba anasema mimi mtumishi wako na suria wako, na ndani ya neno hilo hilo moja mna utii wa raia kwa mtawala na utii wa mke kwa mume. Mke huyo huyo akigeuka kuzungumza na walio chini yake anajiita "bengong", yaani mimi mwenye kasri hili. Kwa Kiingereza yote matatu yanaandikwa kwa neno moja la herufi moja, na mtazamaji hapati kusikia mtu akishushwa au akijipandisha. Kuna nyakati ambapo ugomvi wote umo katika badiliko hilo: mke amekasirika kiasi kwamba ameacha "chenqie" mbele ya mfalme na kusema "wo", mimi, kama mtu wa kawaida. Watumishi waliosimama pembeni wanashtuka, na sisi tunaosoma maandishi tunajiuliza wameshtukia nini.

Tena wake wenza wanaitana "jiejie" na "meimei". Kwa Kiingereza wote ni neno moja tu, ndugu wa kike. Kwa Kiswahili tunalo la kufaa kabisa: dada, na mdogo wangu. Suria aliyeingia jana akimwambia mkubwa wake "dada" kwa sauti laini, na yule mkubwa akamjibu "mdogo wangu" huku akiukunja mdomo, hakuna Mswahili aliyelelewa katika nyumba ya wake wawili atakayehitaji maelezo. Kwa imani yangu tamthilia hizi zikitafsiriwa kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kichina, bila kupitia Kiingereza, tutasikia mengi yaliyokuwa yakitupita.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono, tena ushahidi tunao. Mimi ni mtu mzima, na wanangu ndio walionifundisha kuingia humu. Mwaka 2011 TBC ilirusha ile tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ile ni ya siku hizi, haina wafalme, ni muuguzi wa Beijing aliyeolewa na kujikuta ana wakwe zaidi ya mmoja kwa sababu wazazi wa mumewe walikwisha kuachana na baba akaoa tena. Lakini nyumba nzima tulikuwa tunakaa mbele ya televisheni, hata marehemu mama yangu, ambaye hakuwahi kusoma maandishi ya chini ya skrini maishani mwake. Alikuwa akimjibu mama mkwe wa Doudou kwa sauti, kana kwamba amekaa naye kibarazani. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake, na majirani walinipigia simu kuniuliza kama nimesikia.

Nalisema hili kwa sababu mama yangu hakuwa akitazama China. Alikuwa akitazama mkwe. Wangemletea na Ruyi kwa Kiswahili, nadhani angeielewa haraka kuliko sisi.

Mchangiaji wa nne

Wakubwa, shikamooni. Nina swali moja. Ile sehemu ya kukata nywele imo katika tamthilia zote mbili, na katika zote mbili kila mtu aliyepo anaanguka magoti kwa hofu. Kukata nywele kuna ubaya gani? Na je, lilitokea kweli, au ni la kutungwa?

Mleta uzi

Marahaba. Umeuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, ingawa nilishindwa kulifikia mapema.

Lilitokea. Mwaka 1765 Qianlong alifunga safari yake ya nne ya kusini, na malkia wa ukoo wa Nara alikuwa naye. Walipofika Hangzhou jambo fulani lilitokea kati yao, na siku hiyo hiyo malkia akarudishwa Beijing kabla ya wengine. Jambo lenyewe halikuandikwa. Kilichoandikwa, na Qianlong mwenyewe alikitamka miaka mingi baadaye, ni kwamba malkia alijikata nywele. Kwa desturi ya Wamanchu, kabila la watawala wa Qing, mwanamke hukata nywele akiwa na msiba mkubwa. Malkia akizikata mume wake akiwa hai na mama mkwe wake akiwa hai, ni kama amewatangazia kifo. Kwa hiyo watumishi wanaoanguka magoti hawaogopi mkasi. Wameona laana.

Mwaka uliofuata, 1766, alifariki. Mfalme hakumzika kimalkia. Alipunguziwa heshima hadi ya cheo cha chini yake, tena hakuchimbiwa kaburi lake mwenyewe, akawekwa katika kaburi la suria mwingine aliyetangulia. Mwaka 1778 msomi mmoja aitwaye Jin Congshan alithubutu kuwasilisha ombi ambalo, miongoni mwa mengine, lilimtaka mfalme amrudishie malkia yule heshima yake. Aliuawa kwa hilo.

Basi waandishi wawili wa zama zetu wameukuta mkasi huo ukiwa umelala katikati ya historia bila sababu, na kila mmoja ameuokota kwa mkono wake. Katika Yanxi ni kilio cha mtu aliyeshindwa na ambaye wivu umemmaliza. Katika Ruyi ni tendo la utulivu. Amekwisha kuongea yote, mfalme amekwisha kumjibu yote, na sasa anachukua nywele zile ambazo kwa desturi za Kichina bwana na bibi harusi huziunganisha kuwa alama ya ndoa, na anazikata. Hapigi kelele. Kwa sehemu zaidi ya themanini mmekuwa mkimwita mtu asiyejibu. Lile ndilo jibu lake, na katika kasri zima hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kumpa mfalme jibu kama lile.

Ndugu zangu mliosema mlichoka katikati, ndiyo sababu urefu ule una kazi. Akizikata katika sehemu ya thelathini, ni hasira. Pale alipozikata, hakuna kilichobaki cha kukasirikia. Nina wasiwasi kwamba hatutaona tena usimulizi wa namna hiyo, kwa maana Januari 2019 gazeti la Beijing Daily lilizishambulia tamthilia za kasri kwa kutukuza anasa na hila, vituo vya televisheni vikaziondoa zote mbili katika ratiba, na mwaka 2020 mamlaka za utangazaji za China zikahimiza tamthilia zisizidi sehemu 40. Nakubali kwamba zipo nyingi zilizokuwa zikivutwa kama mpira ili kuuza matangazo, na kwa hizo ni dawa nzuri. Lakini jaribu kumwazia Ruyi katika sehemu 40, na utaona ni miaka mingapi ya ndoa yake itakayotupwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, sikujibu juzi kwa sababu nilikuwa nafikiri. Bado nasema Yingluo ni wangu, na bado nasema Zhou Xun hafai kuwa msichana. Lakini hili la kaburi sikulijua, na limenikaa vibaya. Mtu aliyekuwa malkia analazwa katika kaburi la mwenzake kama mgeni.

Jana nilikuwa na siku ya mapumziko. Nilinunua bando, nikaanza Ruyi upya, sehemu ya kwanza. Safari hii sikuangalia nani anamfanyia nani nini. Niliiangalia leso.

Mleta uzi

Umefika wapi, dada?

Mchangiaji wa kwanza

Sehemu ya tisa. Usiniambie inaishia wapi.